Kilo Sitini na Tatu

Jumamosi ya tarehe 9 Machi mwaka 2019, saa nne na dakika kumi asubuhi, Wietske Kuipers alitia saini ya kununua karavani katika yadi ya Tamminga, nje kidogo ya mji wa Drachten. Mumewe, Lammert, alisimama nyuma yake akiwa ameshika kofia mkononi. Lilikuwa karavani la mitumba, jeupe, lenye miaka saba. Kibati kilichopigiliwa karibu na mlango kilionyesha kuwa likiwa tupu lina uzito wa kilo 1,120.

Yaliyofuata yanajulikana kwa sababu Wietske alikuwa akimpigia simu dada yake, Renske, kila siku baada ya chakula cha jioni. Renske ni mtu wa kukumbuka maneno kama yalivyosemwa.

Hiyo ilikuwa yadi ya tatu waliyoitembelea. Wietske alifika na tochi, kipima unyevu na pima maji ya fundi mwashi.

"Dada, umekuja kununua au kufunga biashara yangu?" Tamminga aliuliza.

"Nikikuta ukuta mkavu nitanunua. Nikikuta umeoza, tutaona."

"Shemeji, unaishi na huyu kila siku?" Tamminga alimgeukia Lammert.

"Nimezoea," Lammert alisema.

Wietske aliingia karavani moja baada ya jingine. Alibandika kipima unyevu kwenye pembe, chini ya madirisha, nyuma ya mito. Mawili aliyakataa kwa unyevu. Moja lilikuwa na matairi ya miaka kumi. Jingine gari lao lisingeweza kulivuta. Manne aliyakataa bila kupima chochote.

"Hili zuri," Lammert alisema ndani ya mojawapo ya yale manne. "Kavu. Matairi mapya."

"Lina meza ya duara."

"Ubaya wa duara ni nini, bibie?" Tamminga aliuliza.

"Haina ubaya. Sitaki tu."

Tamminga alikohoa, akasema anakwenda kuangalia kahawa.

Karavani lao la zamani lilikuwa na meza ya duara mbele, kitanda kimoja kipana nyuma, na kabati la nguo kushoto kwa mlango. Lammert alilinunua na mke wake wa kwanza, Aleida, mwaka 1993. Kwa miaka ishirini na miwili walilivuta kila kiangazi hadi kambi ileile kando ya ziwa. Aleida alifariki vuli ya 2014. Miaka miwili baadaye Lammert alimwoa Wietske, na kiangazi kilichofuata akampeleka kambi ileile, kwenye kitanda kilekile.

Majirani wa kambini walikuwa watu wema, na hilo ndilo lililomchoma Wietske. Walimwonyesha mahali Aleida alipozoea kuweka meza ya nje, ikitazama ziwa. Walimweleza Aleida alivyokaanga samaki. Mwezi Julai uliotangulia, jirani mmoja alimwita Wietske kwa jina la Aleida mara mbili katika jioni moja. Mara ya kwanza Lammert alimsahihisha. Mara ya pili aliitikia tu kwa kichwa na kuendelea kunywa bia.

"Karavani liende," Wietske alimwambia waliporudi nyumbani, "au kiangazi kijacho uende peke yako."

Sasa alikuwa amepata analolitaka. Vitanda viwili mbele, kila mtu chake. Meza ya mraba nyuma. Kabati kulia. Aliweka pima maji sakafuni, kiputo cha hewa kikatulia katikati. Alipima unyevu sehemu kumi na nane. Lilikuwa kavu kila mahali. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba alichagua vibaya, na kwa kila kipimo kinachojulikana hakuchagua vibaya.

Tamminga alikubali kulichukua la zamani kama sehemu ya bei. Makabidhiano yangekuwa baada ya wiki mbili.

Ijumaa, siku moja kabla ya makabidhiano, Lammert alikwenda kununua mtungi wa gesi. Wietske alibaki akilisafisha karavani la zamani. Alipofungua kabati la nguo na kuusukuma mlango wake hadi mwisho, aliona maandishi ya penseli upande wa ndani.

Ilikuwa safu ya miaka, kuanzia 1993 hadi 2014. Mbele ya kila mwaka palikuwa na namba mbili.

Alielewa mara moja. Lammert alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya yadi ya chuma chakavu. Hakuna kitu alichokiamini kama mizani. Kila mwezi Mei, kabla ya safari, alilipitisha karavani kwenye mizani ndogo ya matrela, ile inayosoma kilo moja moja. Aliwahi kusimulia kambini, huku akicheka, kwamba kila alipomaliza kupima, Aleida alikuwa akiingia ndani na kufunga mlango, ili apimwe naye. Kisha alitoka akauliza: "Kilo ngapi? Nimenenepa?" Na Lammert alijibu, kila mwaka: "Hata kidogo."

Namba ya kwanza ilikuwa ya karavani. Ya pili ilikuwa ya Aleida. Sitini na tatu. Sitini na tatu. Sitini na nne. Sitini na tatu tena, miaka mingi. Kisha 2013, arobaini na tisa. Kisha 2014, arobaini na moja. Hapo penseli ilikuwa imekandamizwa hadi ikachimba mbao.

Wietske alikuwa ameishi na Lammert miaka mitatu. Lammert hakuwahi kumpima.

Alichukua sifongo ya kusugulia vyungu na sabuni. Alianza juu, akateremka. Namba ya mwisho ilikataa kutoka, akaisugua mpaka bega likamuuma. Kisha alikaa kwenye ngazi ya mlango akala mkate na jibini.

"Nilijisikia vizuri," alimwambia Renske siku hiyo. "Sijajisikia vizuri hivyo siku nyingi."

Jumamosi, 23 Machi. Yadi ya Tamminga huyapanga makaravani mawili mlango kwa mlango, hatua moja katikati, ili wenye mali wahamishe vitu bila kuzunguka. Wietske alihamisha sahani, mablanketi na viti vya kukunja. Safari ya mwisho, mikono ikiwa imejaa, alihisi mtu akimpita bega kwa bega katika ile hatua moja. Alisogea kumpisha. Alidhani ni Lammert.

Lammert alikuwa ofisini, akinywa kahawa.

Lammert alikuwa na desturi moja. Sheria hairuhusu mtu kukaa ndani ya karavani likiwa linavutwa, kwa hiyo kabla ya kuondoka alikuwa akigonga ubavuni mara mbili na kuuliza. Siku hiyo pia aligonga.

"Hakuna mtu ndani?"

"Niko hapa, Lammert," Wietske alisema kutoka kwenye gari. "Unamuuliza nani?"

Lammert alikuwa bado ameegemeza kiganja ukutani.

Walipitia kwenye mizani. Bauke, kijana aliyerithi kiti cha Lammert, aliwafungulia geti.

"Mzee, bado hujaamini vibati vya kiwandani?"

"Mizani haina sababu ya kunidanganya."

Walishusha kila kitu. Sahani, mablanketi, viti, mtungi wa gesi, hata mito. Mizani ilisoma 1,161. Ziada ya kilo arobaini na moja.

Bauke alisema labda wenye karavani wa mwanzo waliongeza betri chini ya sakafu. Lammert alilala chali chini ya karavani na tochi. Hapakuwa na betri. Wietske aliitazama namba ile, kisha akaanza kurudisha mito ndani.

Wiki ya pili ya Aprili suruali ya Wietske ilianza kuteleza. Lammert alimtobolea mkanda tundu jipya kwa msumari. Daktari alimpima damu, akampiga picha ya tumbo, akamwambia ni mzima, apunguze mawazo. Mezani alikula kama kawaida, akaongeza siagi na krimu. Wakati wa ununuzi alikuwa na kilo sabini na nne. Tarehe 20 Aprili alikuwa na sitini na sita.

Siku hiyohiyo Lammert alilipeleka tena karavani kwenye mizani, tupu. Arobaini na tisa juu ya kibati. Kilo nane alizopungua Wietske ndizo kilo nane zilizoongezeka.

"Renske," alinong'ona kwenye simu. "Ile safu inasomwa kutoka chini kwenda juu."

"Safu gani?"

Ndipo alipomweleza dada yake habari ya mlango.

Jumatano iliyofuata, saa nane mchana, jua likiwaka, Wietske aliweka pima maji kwenye sakafu ya karavani uani kwao. Akatoka. Akasimama nje, akichungulia mlangoni. Kiputo kilikuwa katikati.

Hapakuwa na upepo.

Kiputo kikasogea kulia. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka, kama unavyoshuka mtu anapokaa kitandani. Godoro la kushoto lilikuwa la Lammert. Halikubonyea. Kiputo kilikaa pale muda mrefu.

"Aleida?" aliita kwa sauti ya chini.

Kiputo kikarudi katikati. Kikapita. Kikasimama kushoto kabisa.

Kitanda cha kulia kilikuwa chake.

Jioni hiyo alimwambia Lammert wauze karavani. Lammert alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso.

"Hili haliuzwi."

"Linanila, Lammert. Nitazame."

"Nakuona."

"Nilifuta mlango wa kabati. La zamani. Namba zake zote nilizifuta. Nisamehe."

Lammert aliweka kisu chini. Akaanza kusema, taratibu, mwaka baada ya mwaka. Tisini na tatu, sitini na tatu. Tisini na nne, sitini na tatu. Tisini na tano, sitini na nne. Alifika hadi 2014 bila kukosea.

"Ulidhani zilikuwa mlangoni?" aliuliza. Akaendelea kumenya.

Renske alimwambia dada yake afungashe nguo aje kwake Zwolle siku hiyohiyo.

"Nikiondoka, nani atabaki naye?" Wietske alisema. "Nimuachie? Mume, kitanda, kiangazi, vyote nimuachie mtu aliyekufa? Hapana. Nitaingia mle. Anipime mimi. Aandike jina langu."

"Dada, wewe unapungua kila siku na unagombania mlango wa kabati."

"Miaka mitatu, Renske. Hata mara moja hajaniuliza nina kilo ngapi."

Hiyo ilikuwa simu ya mwisho iliyoeleweka.

Jumamosi, 18 Mei, saa tano na dakika ishirini. Asubuhi hiyo Wietske alikuwa na kilo hamsini na mbili. Karavani lilipanda kwenye mizani likiwa tupu. Kuanzia hapa anayesimulia ni Bauke, aliyekuwa dirishani, hatua tano kutoka mlangoni.

Mizani ilisoma 1,183. Ziada sitini na tatu.

Lammert alitabasamu. Bauke anasema hakuwa amemwona akitabasamu hivyo tangu 2012.

"Sasa mimi," Wietske alisema. Akapanda ngazi. Akafunga mlango.

Bauke alitazama namba. 1,183.

Akaisubiri ipande. Akapiga kioo cha mizani kwa kidole. Haikubadilika.

"Mzee," alisema. "Mzee, mkeo yuko ndani?"

Lammert alikwenda ubavuni. Akagonga mara mbili.

"Hakuna mtu ndani?"

"Nipo," sauti ya mwanamke ilisema. "Nipo, Lammert."

Mlango ulifunguka. Alishuka Wietske. Nguo zake, nywele zake, mkanda wenye tundu la msumari. Alishuka akitanguliza mguu wa kushoto, mkono mmoja ukishika fremu, kama mtu anayezijua ngazi za makaravani miaka mingi. Mguu wa pili ulipogusa ardhi, mizani ilishuka hadi 1,120.

"Kilo ngapi?" aliuliza.

"Sitini na tatu," Lammert alisema.

"Nimenenepa?"

"Hata kidogo," Lammert alisema. Akafunika uso kwa kofia, akalia.

Bauke aliichapa risiti ya mizani. Anayo hadi leo.

Jioni hiyo Wietske hakupiga simu. Renske alipiga yeye. Sauti ilikuwa ya dada yake.

"Renske yupi?" iliuliza. Baadaye ikasema: "Ah. Renske."

Mwezi Julai Renske alikwenda kambini. Meza ya nje ilikuwa inatazama ziwa. Mwanamke mwenye uso wa dada yake alimkaangia samaki na kumletea kahawa, yake mwenyewe akaitia maziwa. Wietske hakuwahi kunywa kahawa yenye maziwa. Majirani walimwita Aleida na hakuna aliyesahihisha. Renske aliomba koti, akalifungua kabati la kulia. Ndani ya mlango palikuwa na safu ya penseli, kuanzia 1993. Namba zote zilikuwa zimerudi, kwa mwandiko wa Lammert. Baada ya 2014 mstari uliofuata ulikuwa 2019, sitini na tatu.

Chini kabisa ya mlango, karibu na sakafu, mbao ilikuwa imekwaruzwa kwa kucha. Herufi moja. W.

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba Lammert alilileta karavani kwenye mizani kabla ya kulihifadhi kwa majira ya baridi. Walishusha kila kitu, hata mito. Bauke alisoma namba mara mbili. 1,128. Ziada ya kilo nane.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye gari, ameshikilia suruali kiunoni. Lammert alikwenda kwenye dirisha la Bauke akamwomba msumari, atoboe tundu jipya kwenye mkanda wa mkewe.