Kijiji Kizima Kilikula Nyumbu, Aliyefungwa ni Mume Wangu

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, mkulima wa pamba na mahindi katika kijiji kimoja cha Bariadi, upande ule wa kuelekea pori la akiba. Sitataja jina la kijiji kwa sababu wahusika wengine bado wako hai, na kila Jumapili tunasali nao kanisa moja. Wakati wa kutakiana amani nawapa mkono... lakini moyoni! Ya moyoni anayajua Mungu mwenyewe.

Yalinikuta nikiwa bado kijana, enzi zile za ruksa. Mnazikumbuka? Pamba tuliyozoea kuwauzia watu wa ushirika tu, ghafla ikawa inanunuliwa na kila mwenye lori. Mitumba ikajaa gulioni. Na ng'ambo ya mto wetu, porini, kampuni ya uwindaji ikafungua kambi, wageni wakawa wanakuja na magari ya wazi na bunduki zenye darubini. Milio yao tuliisikia tukiwa tunapalilia. Wao walikuwa na vibali, sisi tulikuwa na madebe ya kupigia kelele.

Mume wangu Maduhu alirithi shamba letu kwa baba yake. Kila masika nyumbu waliingia humo na kula mahindi kama yamepandwa kwa ajili yao. Ukimgusa hata mmoja, wewe ni jangili! Watoto wako wakilala njaa, hilo ni lako na mkeo.

Ndipo siku moja, kwenye mkutano wa kijiji, bwana wanyamapori akasema kuwa mwenye shamba anaruhusiwa kuomba kibali cha kuwinda ndani ya shamba lake mwenyewe, mradi ana silaha halali. Watu waliguna na kucheka. Maduhu hakucheka. Alikuwa na gobore la marehemu baba yake, lenye leseni, na alikuwa mtu wa kunyoosha mambo hadi anaudhi. Kuku wa jirani akitaga kwetu, yai linarudishwa!

Basi zikaanza safari za mjini. Alikwenda kwa baiskeli, amevaa koti lake la harusi, akirudi limeloa jasho. Leo mkubwa yuko semina, kesho mwenye muhuri kasafiri. Nikawa namtania kuwa amepata mke wa pili huko ofisini.

Lakini alikipata! Kibali kilisema nyumbu mmoja, ndani ya shamba lake, apige yeye mwenyewe. Alifurahi mno, na mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa Limbu, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Limbu alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji, na ndiye aliyemsimamia kijana wetu Sayi kwenye ubatizo. Amekula ugali wangu mara ngapi mtu yule? Kwangu alikuwa shemeji wa damu.

Siku yenyewe, asubuhi, mahindi yakiwa yamefika kifuani, kundi likaingia. Maduhu akanyemelea, akapiga. Mnyama hakufa. Wenzake wakashtuka, wakageuka, na badala ya kukimbilia mtoni wakamjia yeye! Niliona kofia yake ikiruka juu... kisha sikumwona tena. Mahindi yalilala chini na nyumbu wakapita juu yake.

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi ni Msukuma. Nilifanya kile ambacho mama yangu angefanya, na bibi yangu pia. Nilipiga mwano!

Kwa msioujua, mwano ni ukelele wetu wa hatari. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha chakula, unabeba silaha na kukimbilia unakotokea, huku nawe ukiupokeza kwa walio mbali. Asiyeitika anashtakiwa kwa sungusungu, na anaweza kutengwa hadi jirani amnyime hata kaa la moto. Hakuna anayesimama kwanza kuuliza kama kuna kibali.

Wakaja! Limbu alikuwa mbele, nyuma yake wanaume wa vitongoji vyote, na mikuki, pinde na marungu. Nyumbu walikuwa wamebanwa kati ya ua wa minyaa na mto, wanazunguka tu. Wanaume walipoona nyama ile yote mbele yao, nani alikumbuka kilichowaleta? Waliangusha huyu, wakaangusha na yule.

Mimi nilimkuta Maduhu mtaroni. Mguu ulikuwa umevunjika, anapumua kwa shida, na neno lake la kwanza halikuwa la maumivu.

"Mama Sayi, waambie waache! Ni mmoja tu! Kibali ni cha mmoja!"

Nilikimbia, nikapaza sauti, nikamshika Limbu mkono. Akacheka. "Tulia, mayu. Siku hizi si kila kitu ruksa?"

Nyama ikagawanywa palepale shambani. Wanawake wenzangu walikuja na mabeseni, wakinipa pole na kuondoka na nyama. Hakuna nyumba iliyokosa. Tulikuwa bado tunatafuta kitanda cha kumbebea mgonjwa, gari la askari wa wanyamapori likatokea upande wa kambi... Watu wakayeyukia ndani ya mahindi! Limbu naye akatoweka, paja zima begani.

Maduhu hakuweza kukimbia. Na hata angeweza, asingekimbia. Akiwa amelala vilevile kwenye tope, alitoa kibali mfukoni akakinyoosha juu.

Askari alikisoma, akaitazama mizoga, akauliza hawa wengine ni wa nani. Maduhu akamjibu kwamba ni wa watu waliokuja kwenye mwano.

"Mwano ndio nini?" Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, hakujua. Akamfunga pingu.

Mashtaka yakawa kwamba mume wangu alikusanya genge la majangili kwa kisingizio cha kibali. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba watu waje waseme kilichotokea. Mmoja ana mgonjwa, mwingine ana palizi. Nikamwendea Limbu, nikapiga magoti. Akaniinua, akafuta machozi, akaahidi kuja.

Na kweli alikuja! Alisimama mbele ya hakimu akiwa amenyoa vizuri. Akaulizwa kama siku ile alisikia mwano.

"Hapana, mheshimiwa. Sikusikia mwano wowote."

Jamani! Kamanda wa sungusungu! Nilisimama nikapiga kelele kwamba nilipiga mimi, kwa mdomo wangu huu! Nikaamriwa kukaa kimya au nitoke nje. Maduhu alimtazama Limbu kwa muda mrefu, kama anayejaribu kumkumbuka. Kisha akainamisha kichwa.

Alifungwa. Gobore likachukuliwa. Haukupita muda mrefu, Limbu akaajiriwa na kampuni ya uwindaji kuwaongoza wageni porini. Wakati mwingine walipita shambani kwangu wakifuata mnyama waliyemjeruhi, na mimi nikawapisha njia. Ningefanya nini? Walikuwa na vibali.

Maduhu alirudi kifua kimeharibika. Hakulaumu mtu. Alikaa uani akikohoa, na kabla ya mavuno akazidiwa tukampeleka hospitali ya mjini... Hakurudi mzima.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na hakuna mwenye gari aliyekubali kuleta maiti kijijini. Gari lililoweza kupita lilikuwa moja tu, la kampuni, na aliyekwenda kuliombea kwa wazungu wake alikuwa Limbu. Jeneza la mume wangu liliwekwa nyuma, pale wanapolaza wanyama wao, damu kavu ikiwa bado kwenye mbao. Nilikaa mbele, bega kwa bega na Limbu, njia nzima. Tulipofika nikamwambia, "Wabeja sana, shemeji." Nilimshukuru! Na hadi leo sijui ningesema nini kingine.

Ndugu zangu, wenye mashamba mnaoomba vibali, kwanza waiteni majirani muwasomee karatasi hiyo mbele ya uongozi wa kijiji, wote wajue mwisho wake ni wapi. Na wewe uliyekula nyama ambayo mwenzako amefungiwa, nakusihi, nenda ukaseme ukweli angali hai. Usije ukangoja kumbebea jeneza.