Kijiti Kilichokosa Gundi

Nina miaka sitini na mmoja, na maneno haya namwambia binti yangu mkubwa ayaandike kwa sababu macho yangu yamechoka. Mpaka jana hakuyajua. Ameshaweka kalamu chini mara mbili… nimemwomba aendelee. Wasomaji wenzangu, sikilizeni jinsi mwanamke anavyoweza kuibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, huku akiamini kwamba anailinda!

Yalinipata hapa Lubumbashi, miaka ile ya Zaire, nikiwa na miaka ishirini na tisa. Tulikaa Katuba, mimi, mume wangu Kalenga na watoto wetu wawili wa kiume, Ilunga na mdogo wake. Baba zetu wote walitoka Kongolo kufuata kazi ya reli. Kalenga alikuwa seremala. Ufundi aliupata kwa mapadri, na alikuwa hodari kiasi kwamba mainjinia wa shaba walituma madereva kuja kuagiza makabati kwetu Katuba.

Kilichompa jina ni vijiti vyake. Wenye nyumba nzuri hawakutaka kuona kichwa cha skrubu, zile ambazo sisi huku tunaziita visi. Basi Kalenga alitoboa tundu pana, akazamisha visi ndani kabisa, kisha akaziba tundu kwa kijiti cha mpera. Mpera ni mweupe, ubao wa mulombwa wa kabati ni mwekundu, kwa hiyo vilipendeza! Alitia tone la gundi, akagonga polepole, akasugua mpaka kijiti kikawa na uso wa mviringo kama kifungo cha shati. Na alikuwa na masharti yake: mistari ya kijiti lazima ifuate mistari ya ubao. Kikigeuka kidogo tu, alikichimba na kuanza upya.

Mteja akitazama, aliapa kwamba kabati lote limeshikwa na mti mtupu, hakuna chuma hata kidogo. Kalenga alicheka sana. Mimi pia nilicheka… mwanzoni.

Kisha visi zikaadimika madukani. Kalenga akaanza kwenda kuzitafuta Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa madereva wa malori. Alikaa huko siku mbili, siku tatu. Safari ya kwanza alirudi na boksi zima. Ya pili, nusu boksi. Ya tatu alirudi na visi za kujaza kiganja tu! Jamani, mwanaume anaacha nyumba yake siku tatu kwa ajili ya visi za kiganja kimoja?

Safari hiyohiyo niliona ndani ya mfuko wake foulard, kitambaa cha kichwa, kipya, cha maua ya njano. Moyo wangu ukaruka! Nikajifanya sikukiona, nikangoja anipe. Nikapika sombe, majani ya muhogo, na samaki, nikangoja. Siku ikapita… Asubuhi nilimwona anakifunga ndani ya gazeti. Alitoka nacho kuelekea kituo cha treni, akarudi mikono mitupu.

Sikumuuliza. Naomba mlikumbuke neno hilo. Sikumuuliza!

Tangu siku ile nilianza kumpeleleza mume wangu. Nilinusa mashati yake kabla ya kuyafua. Nilipekua mifuko. Akicheka na mteja wa kike, nilihesabu meno. Akinyamaza mezani, nilijiambia anamuwaza mwanamke wake. Akinisemesha vizuri, nilijiambia ananifunika macho. Hakuna alichofanya ambacho hakikuwa ushahidi!

Nilikuwa na rafiki mmoja, Feza, binti wa wafanyabiashara wa Maniema, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alisoma shule, Kifaransa alikijua vizuri. Mume wake alikuwa mkubwa wa Chama kilichotawala, katika mtaa wetu. Jumamosi moja, siku ya salongo, kazi ya lazima ya usafi, mtaa mzima ukifagia mifereji, nilimweleza habari za visi na za kitambaa. Feza akaegemea fagio lake.

“Masengo, mudogo yangu, uko unalala,” alisema. “Bwana mwenye kuyua kufunika visi vile, weye unawaza anafunika visi tu?”

Maneno yale yalinikaa kichwani kama mwiba. Kila nilipoona kijiti, niliona uongo. Viti vyetu, kitanda chetu, mlango… vyote vilikuwa na siri chini yake. Nilikuwa nikipitisha mkono juu ya vijiti vya mbao kama mwenda wazimu!

Mchana mmoja nilikuwa nafuta vumbi kwenye kabati la chumbani. Jua liliingia dirishani likapiga nguzo ya kabati, pale palipopangwa vijiti sita. Nikasimama. Kijiti cha nne mistari yake ilikuwa imelala upande. Imevuka mistari ya ubao! Na ukingo wake uling’aa, kama kitu kinachoshikwa mara kwa mara na vidole vyenye mafuta. Kalenga wangu, aache kijiti namna hiyo?

Nilichukua kisu cha jikoni. Hata sikuhitaji nguvu… kijiti kilitoka chenyewe. Hakikuwa na gundi. Ndani ya tundu hapakuwa na visi. Palikuwa na karatasi nyembamba, imesokotwa kama sigara.

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, lakini maneno ya juu niliyatambua. “Kipenzi changu.” Chini kabisa palikuwa na jina, Mado, jina la kike la kizungu, wakati ambao majina hayo yalikuwa yamekatazwa. Katikati palikuwa na Kifaransa kingi, na neno moja nililolijua vizuri sana: foulard.

Nilikaa chini sakafuni, nikalia kama mtu aliyefiwa. Nilisema: basi ni huyo aliyepewa kitambaa changu!

Sikumngoja Kalenga arudi kutoka kazini. Nilikimbia kwa Feza na barua mkononi, nikamweleza kila kitu, mpaka nguzo gani, kijiti cha ngapi. Feza akasoma. Akasoma tena. Uso wake ukakunjamana.

“Iko ya mwanamuke?” nilimuuliza.

“Iko… ndiyo, iko ya mwanamuke,” alijibu bila kunitazama. “Niachie hii barua. Kuko muntu nitamuuliza.”

Nikamwachia! Nikarudi nyumbani, nikarudisha kijiti juu ya tundu tupu. Siku mbili nilipika bukari, ugali wetu, na kumtazama mume wangu akila. Aliniuliza kama naumwa. Nilijibu kwamba sina neno. Nilikuwa nangoja Feza aniletee jina la mtaa na namba ya nyumba ya Mado, niende nikamtoe nywele.

Siku ya tatu, saa sita mchana, wakaja wanaume watatu waliovaa abakosi, zile suti zisizo na tai za watu wa serikali. Walikuwa wapole, ndiyo maana niliogopa zaidi. Mmoja alisema, “Sitwaye Kalenga?” yaani mwananchi Kalenga. Kalenga akaitika. Hawakukaa. Hawakutazama sebule. Walikwenda moja kwa moja chumbani, kwenye kabati, kwenye nguzo ya kushoto!

Waliomba koleo lake mwenyewe. Wakang’oa kijiti cha kwanza, visi. Cha pili, visi. Cha tatu, ikatoka karatasi. Kalenga alikuwa anatazama ukutani tu. Lakini walipong’oa cha nne, na tundu likawa tupu, aligeuza kichwa. Alijua kilichokuwa mle. Alinitazama… Wasomaji wangu, nimezika wazazi na nimezika mtoto, lakini sijapata kuona macho kama yale.

“Mado njo nani?” mmoja wao aliuliza, yaani Mado ndiye nani.

Mungu anisamehe! Hata wakati ule, watu wa usalama wakiwa chumbani kwangu, mimi nami niliinua kichwa nisikie jibu!

“Iko mudogo yangu,” alisema Kalenga. “Mwanaume. Iko Angola.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Mdogo wake, Kisula, aliondoka zamani na wanajeshi waliokimbilia Angola. Kwetu sisi alikuwa kama aliyekufa, jina lake halikutajwa. Kupokea barua ya mtu wa huko kulitosha kukuita adui wa nchi. Kwa hiyo Kisula alitia jina la mwanamke, ili barua ikianguka njiani watu wacheke tu. Barua zilipita Zambia, kwa madereva wa Kasumbalesa. Na kitambaa cha maua ya njano? Baadaye niliambiwa kwamba Kisula alimtumia mama yake mzazi, na Kalenga alikipeleka kwenye treni ya Kongolo!

Walimchukua mchana kweupe, majirani wakitazama.

Nilikwenda kwa Feza nikiwa sina hata viatu.

“Yaya, njo weye ulisema?”

“Miye? Nilimuonyesha bwana yangu tu,” alisema. “Barua ya Angola ipatikane mu nyumba ya muntu wa Chama, unazani watatuacha? Na weye Masengo, nani alitoa ile barua mu kabati? Ni miye?”

Nikarudi nyumbani peku.

Kalenga alikaa ndani mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nilipeleka chakula kwenye geti la gereza, wakakirudisha. Nikapeleka tena. Ndugu zake walikuja kwenye lupango letu, ua wa nyumba yetu, wakakaa nje wasikubali hata maji yangu. Walisema nimemuuza ndugu yao. Dukani wanawake walinyamaza nikiingia. Atelye, karakana ya Kalenga, ikafungwa, nikauza mboga. Watu waliponunua walinitazama mikono, kana kwamba ninaweza kuwaibia hata siri!

Alirudi siku moja asubuhi, kwa miguu. Sikumtambua mpaka alipofika mlangoni. Dole gumba la mkono wa kulia na vidole viwili havikukunjika tena. Mkono ule hauwezi kushika turnevisi, ile bisibisi ya kukazia visi, mpaka leo.

Nilipiga magoti nikamwambia yote. Kiganja cha visi, kitambaa, kisu cha jikoni, Feza. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Ungeniuliza,” alisema. “Hata kwa makelele. Ungesema tu: Baba Ilunga, Mado njo nani?”

“Na mungeniambia?”

Alivisugua vile vidole vyake vigumu.

“Siyue,” alisema. “Ulikuwa kila siku kwa Feza. Miye nilikuogopa.”

Ndugu zangu! Kumbe hata yeye! Tulilala kitanda kimoja, mimi namshuku kwa mwanamke asiyekuwapo, yeye ananishuku kwa mdomo wangu. Na kati ya sisi wawili, yeye ndiye aliyeshuku sawasawa.

Hakunifukuza. Alikwenda kukaa na mama yake Kongolo miaka miwili, kisha akarudi kwa ajili ya watoto, na baadaye tukazaa wengine wawili. Kisula naye alirudi nchini wakati wa msamaha. Alikuja akanisalimu, akala kidogo, akaondoka kabla giza halijaingia, ingawa nilimtandikia kitanda. Feza na mumewe walihamia Likasi. Sijawahi kujua kama aliniponza kwa makusudi au kwa woga, na nimeacha kutafuta, kwa maana kule kutafuta ndiko kulikoniangamiza.

Dada zangu, na nyinyi kaka zangu mlioolewa na kuoa, nawasihi. Ukiona kitu kinachokuuma, mwendee mwenyewe. Uliza ukilia, uliza ukitukana ukipenda, lakini uliza ndani ya nyumba yako! Usimpelekee jirani karatasi ambayo hujaielewa, hata kama jirani huyo mmelea watoto pamoja. Na wewe unayeficha kwa nia njema, jua kwamba mwenzio anahisi. Mpe hata nusu ya neno.

Mimi nilisamehewa. Kalenga alinitamkia msamaha mbele ya padri, na hajawahi kunikumbusha kosa lile hata siku tuliyogombana. Ni mtu mwema. Lakini kila nikiingia chumbani akiwa anasoma, anakunja kile kilicho mkononi na kukitia mfukoni, hata kama ni karatasi ya nyimbo za kanisa. Sidhani kama anajua kwamba anafanya hivyo. Nami sijawahi kumwambia… nageuka tu, natoka, ili aendelee kusoma.