Aliyeona Ndiye Aseme

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yusta alikamua ng'ombe wawili, akachuja maziwa na kuyamimina kwenye dumu. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita pale Gendabi, na kazi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa kazi ya mama yake, Fausta. Lakini mama alikuwa kitandani, mguu wa kulia umevunjika, na daktari alikwisha kusema kwamba bila upasuaji wa pili hatatembea tena bila magongo. Basi Yusta alikamua kwa hasira, na ng'ombe, ambao hawapendi mikono yenye hasira, walimpiga mateke.

Pikapu ndiyo iliyomgonga mama, bila yeye kuiona ikija, wakati anapeleka maziwa barabarani. Yusta alikuwa nyuma yake, aliona kila kitu. Gari lile lilikuwa na bima, na bima ndiyo iliyotakiwa kulipa fidia ya kumtibu majeruhi. Kampuni ya bima ikakataa. Ilisema dereva hana kosa, mama ndiye aliyejitupa barabarani.

"Kujitupa!" Yusta alifoka aliposikia. "Kwani mama yangu ni takataka?"

Kosa jingine, hata hivyo, lilifanyika nyumbani kwao wenyewe. Siku askari alipokuja kuandika maelezo ya mashahidi, baba yake Yusta, Mzee Akonaay, ndiye aliyejibu. Katika boma lile, mgeni akija na jambo zito, mwenye nyumba ndiye anayesema. Mke na watoto hunyamaza. "Andika kwamba niliona," mzee alisema. "Gari lilitoka barabarani likamfuata mke wangu huko pembeni kabisa." Akaweka dole gumba.

Mzee Akonaay hakuwa ameona chochote. Siku ile alikuwa mnadani akiuza mbuzi. Lakini moyoni hakuona kwamba amesema uongo. Mguu wa mke wake ulikuwa mguu wake, na habari za nyumba yake zilikuwa zake kuzisema.

Miezi ikapita. Bi Helena, msaidizi wa kisheria wa kata, akaja kuwaeleza hatua iliyobaki. "Hatuendi mahakamani," alisema. "Sisi na kampuni tumekubaliana twende kwa msuluhishi. Yeye hana upande. Atasoma maelezo yaliyoandikwa, atawauliza walioyatoa, kisha ataamua. Atakachoamua tutakifuata wote, tukipende tusikipende."

Siku ilipofika, mzee, Yusta na Bi Helena walikwenda Katesh, katika chumba chenye meza ndefu. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Bi Fransiska. Upande wa kampuni alisimama Bwana Vicent, aliyevaa viatu vinavyong'aa kama alikuja harusini.

"Shikamoo, mzee," alianza Bwana Vicent kwa upole.

"Marahaba."

"Umeandika kwamba uliona ajali. Pikapu ilikuwa inalipita lori. Lori hilo lilikuwa la rangi gani?"

Mzee Akonaay aliinua uso. "Lori gani?"

Bwana Vicent akatabasamu. "Siku ile ilikuwa siku ya mnada. Ulikuwa huko, na waliokuona wapo. Njia ya mwongo ni fupi, mzee."

Damu ilimchemka Yusta. Mtu mzima, baba wa watu, anaitwa mwongo mbele ya binti yake! Na lililomuuma zaidi ni kwamba Bwana Vicent alisema kweli.

"Bwana Vicent, hapa hatutukanani," Bi Fransiska alikemea. Kisha akamgeukia mzee. "Lakini maelezo haya siwezi kuyatumia. Kama yupo aliyeona kwa macho yake, mleteni baada ya chakula cha mchana. Kama hayupo, nitaamua bila ninyi."

Nje ya jengo, Yusta alilipuka. "Mimi nilikuwepo! Nilikuwepo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeniuliza!"

"Punguza sauti," baba alisema. "Mtoto hasemi mbele ya wakubwa."

"Kwa hiyo mama atembelee magongo maisha yake yote, ili mimi ninyamaze?"

Hakuna mtoto wa Gendabi anayemjibu baba yake hivyo. Mzee Akonaay alikunja uso, akaikaza fimbo yake. Yusta hakurudi nyuma, ingawa machozi yalimtoka. Walisimama hivyo mpaka mzee akashusha macho. "Helena," alisema kwa sauti nzito, "mpeleke aseme."

Bi Helena alimvuta Yusta kando. "Utasema nini?"

"Nitasema dereva alikuwa amelewa. Na alikuwa anaongea na simu."

"Uliona simu? Ulisikia harufu ya pombe?"

"Hapana. Lakini anastahili!"

"Na yule ndama wenu, ambaye majirani wanasema alikuwa barabarani?"

"Huyo nitamwacha. Atawasaidia wao."

Sasa Bi Helena naye akakasirika. "Umemfokea baba yako kwa sababu alisema asichoona. Dakika hazijapita, wewe unataka kufanya hilohilo! Ulichoona, kiseme chote, hata kinachokuuma. Usichoona, sema hukuona. Bwana Vicent akikukamata na uongo mmoja tu, na ukweli wako wote utatupwa nao."

Yusta alikanyaga mawe yaliyokuwa miguuni pake mpaka walipoitwa.

Aliapa kusema kweli. Alisema kwa hasira, bila woga. "Ndama wetu alikuwa hajafungwa. Aliingia barabarani. Mama akaweka dumu chini, akamfuata kumvuta. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya lami."

"Ahaa!" Bwana Vicent aliruka. "Kwa hiyo mama yako alikuwa barabarani!"

"Ndiyo. Sijamaliza." Yusta alimkazia macho. "Lori la bluu lilikuwa linakuja, limebeba vitunguu. Pikapu ikatokea nyuma yake, ikalipita palepale kwenye kona. Ikaja upande wetu, magurudumu mawili yakapanda kwenye majani, ndipo ikamgonga mama. Dereva wa lori akafunga breki. Gunia likaanguka, vitunguu vikatapakaa."

Bwana Vicent alijaribu njia nyingine. "Kijiji kizima kinasema dereva wa pikapu alikuwa anaongea na simu. Wewe ulimwona, siyo?"

Neno "ndiyo" lilimjia Yusta mdomoni, tamu kama asali. Alimfikiria mama akilia usiku. Alimchukia yule dereva. Akameza mate.

"Sikuona. Kioo kilijaa vumbi."

Bi Fransiska aliinua kichwa. Akachukua picha za ajali, zilizoletwa na kampuni yenyewe, akaziangalia moja baada ya nyingine. Katika mojawapo, vitunguu vilikuwa vimetapakaa barabarani, na alama za magurudumu zilionekana wazi juu ya majani. "Bwana Vicent," alisema, "picha zako zinakubaliana na mtoto huyu." Bwana Vicent hakutabasamu tena.

Uamuzi ulitoka wiki iliyofuata. Kosa kubwa lilikuwa la dereva, aliyelipita lori kwenye kona. Sehemu ndogo ya fidia ilikatwa kwa sababu ndama hakufungwa. Yusta alinuna kwa ajili ya ile sehemu ndogo, lakini iliyobaki ilitosha. Mama alifanyiwa upasuaji, na mvua za masika zilipoanza alikuwa anatembea mwenyewe hadi zizini.

Majirani walikuja kumpongeza Mzee Akonaay kwa kuishinda kampuni. Mmoja alimpa mkono. Mzee hakuupokea.

"Mnanipongeza kwa lipi?" alisema kwa ukali. "Mimi nilikuwa mnadani. Nilisema nisichoona, nikakaribia kumpotezea mke wangu mguu. Huyu binti alikuwa na hasira kuliko sisi sote, lakini hasira yake haikuongeza neno wala kuficha neno. Jueni hili, na watoto wenu walijue: ushahidi si heshima apewe mkubwa wa nyumba. Ni wa aliyeona. Mkono wa pongezi mpeni Yusta."