Uzi Uliokwama Kwenye Mabua

Osmo aliingiza kuni, akakung'uta theluji viatuni. Mkewe Marketta hakuinua uso. Alikuwa mezani na sindano ndefu, uzi na mabua makavu ya nafaka, membamba yenye uwazi ndani. Kahawa yake ilikuwa imepoa.

"Limepasuka jingine," alisema.

Alikuwa akitengeneza himmeli, pambo la mabua la kuning'iniza juu ya meza wakati wa Krismasi. Kila mwaka kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, Hilja. Mwaka huu Hilja alikuwa amelazwa, moyo unamsumbua. Kesho angeletwa nyumbani. Mabua hayo aliyavuna mwenyewe kabla ya kuugua, na sasa yalikuwa yamebaki machache mno.

"Mama akikuta juu ya meza patupu, atajua tumemkatia tamaa."

"Tuning'inize soksi yangu."

"Osmo, koma! Sina hamu ya kucheka."

Mara jirani yao Kerttu, aliyewahi kufundisha kazi za mikono, akabisha hodi. Alikuja kurudisha sufuria.

"Karibu," Osmo alisema, "ila usipumue karibu na meza."

Kerttu aliinua lile pambo. "Mbona nusu? Chini yake iko wapi?"

"Nimebana matumizi," Marketta alijibu. "Chini mraba, juu ncha moja. Mabua ni machache, mwalimu."

"Hapo ndipo ulipojiponza. Hebu hesabu mabua kwenye kona hii ya mraba."

"Matatu."

"Tatu ni namba witiri, haigawanyiki mawili mawili. Uzi unaingia konani kwa bua moja, unatoka kwa jingine. La tatu je?"

"Uzi unaingia nalo... halafu unakwama."

"Ndiyo. Inabidi urudi ndani ya bua lenye uzi tayari. Ukilazimisha sindano, linapasuka. Na kona kama hizo unazo nne!"

"Kumbe uzi nao unataka mlango wa kutokea," Osmo alisema.

"Leo umesema la maana. Sasa ongeza bua moja kila kona ya mraba, yote yakutane kwa chini."

Marketta alishtuka. "Niongeze? Na haya yakiisha?"

"Kila kona itakuwa na manne. Nne ni namba shufwa, kila bua lina mwenzake. Uzi utapita kila bua mara moja tu."

Marketta alianza upya. Osmo alimpokeza mabua. Bua baada ya bua, sindano ilipita. Hatimaye uzi ukarudi kwenye kona ulikoanzia, na hakuna bua lililopasuka. Marketta alifunga fundo, akaegemea kiti.

Kesho yake Hilja aliletwa, amekonda, akikokota miguu. Wakamketisha mezani. Aliinua macho kwenye himmeli, akalitazama muda mrefu. Marketta aliwaza mengi. Labda halikumpendeza. Labda hata halioni vizuri.

"Limekaza," Hilja alisema mwishowe. "Ila dogo. Mwakani tutatengeneza kubwa."

"Mwakani, mama?"

"Sasa lini? Nipe kahawa."

Marketta alimmiminia kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani. Machozi yalikuwa yamemjaa, hakioni kikombe.