Aliyekemewa Mlangoni

Jua lilikuwa linazama Mama Kemea alipokwenda kuanua kanzu za ubatizo nyuma ya ukumbi wa ibada. Wenzake wanane wa safari ya misheni walikuwa bado mtaani wakigawa vipeperushi, katika nchi ambayo hakuna aliyejua hata neno moja la Kiswahili isipokuwa mkalimani wao. Na huyo mkalimani alikuwa mvivu wa kupindukia. Mama Kemea angekemea pepo dakika kumi nzima, yeye akatafsiri kwa maneno mawili, na watu wakaitikia amina.

Alicheka peke yake alipokumbuka hilo, kisha kicheko kikakatika. Nyumbani alikuwa amemwacha kitindamimba wake wa miaka minane, mgonjwa wa selimundu, kwa mdogo wake. Mtoto alikuwa amepata nafuu wiki ile, na safari ilikuwa ya siku kumi tu. "Mama, nikikutaka je?" alimuuliza. Naye akamjibu juu juu, huku akihangaika na zipu ya begi: "Utaniita."

Aliingia stoo na kanzu zake, akafunga mlango, akaanza kukunja.

"Hodi..."

Aliacha kukunja. Kiswahili?

Alidhani ni mkalimani. Lakini sauti ilikuwa nyembamba, tena ilitokea chini, usawa wa kitasa.

"Hodi..."

"Karibu" ilimfika kwenye ncha ya ulimi, maana aliyelelewa vizuri haachi hodi bila jibu. Akaimeza. Kisha harufu ikapenya chini ya mlango... dawa ya kuchua. Ile ile aliyompaka mwanawe magotini kila usiku.

"Mama, ni mimi. Nifungulie. Miguu inauma."

Mkono ulishafika kwenye komeo. Lakini kwa miaka kumi na mitano alikuwa akiwafundisha watu kwamba pepo huiga sauti ya umpendaye, na mwanawe alikuwa mbali, ng'ambo ya mipaka mitatu. Akaurudisha mkono, akapaza sauti.

"Nakukemea! Rudi ulikotoka!"

"Mama..."

"Mimi si mama yako!"

Halafu nyayo ndogo, mguu mmoja ukiburutwa, zikaenda zikififia... mpaka zikapotea.

Wenzake waliporudi aliwasimulia, wakampigia makofi. Alikuwa bado anatabasamu simu yake ilipoita.

"Dada," mdogo wake alinong'ona. "Mtoto ametuacha."

"Saa ngapi?"

"Jua lilikuwa linazama. Alikuwa anapiga hodi usingizini, dada. Tukamwambia, karibu, mbona uko nyumbani? Mara akalia sana. Akasema umemkana."

Mchungaji waliyesafiri naye alimwambia hizo ni hila za shetani, kwamba hakukosea hata kidogo. Mkalimani hakuwa na la kutafsiri. Alimshika mkono tu, akakaa naye hadi alipopata usafiri wa kurudi.

Alimzika mwanawe bila kutoa chozi. Waombolezaji walisema mama huyu ana imani ya ajabu. Hawakujua kwamba ndani alikuwa amevunjika vipande vipande, na kwamba neno lake mwenyewe lilikuwa likimrudia masikioni kila alipovuta pumzi.

Siku ya tatu wageni walitawanyika. Jua likaanza kuzama. Alikuwa sebuleni peke yake, anakunja vinguo vya marehemu, harufu ya dawa ya kuchua ilipomfikia puani.

"Hodi..."

Hakungoja hata kidogo. Aliurukia mlango, akaufungua wazi, akapiga magoti kizingitini.

"Karibu! Karibu mwanangu, ingia! Mama yupo!"

Nje hapakuwa na mtu. Palikuwa na sauti tu, karibu kabisa na uso wake, yenye adabu ile aliyomfundisha ya kuwasalimu watu wazima asiowajua.

"Shikamoo. Samahani... namtafuta mama yangu."