Saa ya Marehemu Ubaldo

Saa 3:10 asubuhi, Jumapili.

Chumba cha nyuma cha duka la fundi saa, jirani na soko la Mpanda. Denis, dereva wa bajaji aliyekwisha kula jela mara mbili, alichora nyumba ya Respicius mezani kwa chaki.

"Bosi yuko misa ya pili, akitoka ana harambee. Rosine dada wa kazi anampelekea mlinzi chai, na leo chai ina dawa. Funguo anazo yeye. Fundi, kazi yako moja: tenga saa zake orijino na feki. Dakika kumi. Swali?"

"Ya baba naichukua mimi," alisema Kassiani, fundi mwenye duka.

"Chukua. Nani anataka kopo hilo?"

Kassiani akameza hasira. Alikuwa anaimeza mwaka wa pili sasa. Baba yake, Ubaldo, alikuwa gadi wa treni ya Kaliua, na saa ile ya Uswisi alipewa na mhandisi mgeni ambaye yeye Ubaldo alimwokoa kwenye behewa lililopinduka. Ubaldo alipofariki, Respicius, tajiri wa machimbo ya dhahabu mwenye wazimu wa kukusanya saa, alifika matangani, akaigeuzageuza, akamwambia mjane Kasilda, "Hili bati tu, mama." Akaichukua, akamwachia gunia la mchele. Mwezi haujaisha, akaileta dukani isafishwe, akicheka: "Mama yako hakujua alichonacho." Na Kassiani aliisafisha! Akasema na asante! Hilo ndilo asilojisamehe mpaka leo.

Saa 4:05.

Bajaji ilikuwa inakata mtaa wa Ilembo. Denis alichomoa simu mfuko wa shati, tiketi mbili za basi la Tunduma zikadondoka. Moja jina lake, nyingine la Rosine.

"Yangu iko wapi?"

"Utakata mwenyewe, Fundi. Nyie wote mkiongozana na mimi tutashtukiwa."

Njia ya mwongo ni fupi, na Kassiani aliuona mwisho wake pale pale. Angeweza kushuka. Hakushuka, kwa kuwa saa ya baba ilikuwa kule mbele.

Saa 4:20.

Mlinzi alikuwa anakoroma getini. Rosine alifungua chumba cha saa. Kabati la vioo, saa kumi na tisa. Kassiani alizijua zote hadi tumboni, maana kila moja alishaifungua. Kumi na mbili zilikuwa feki. Respicius alipigwa huko anakozinunua, na fundi wake hakuwahi kumwambia.

"Orijino zipi? Fanya chapu!"

Kassiani akaanza kumpa. Moja, mbili, mpaka kumi na mbili. "Hizo hapo."

Ya baba akaitia ufunguo, akaivaa.

Denis alifunga zipu ya begi. Halafu teke la tumbo. Kassiani alipoinuka, mlango ulikuwa umeshafungwa kwa nje.

"Rosine!"

"Nisamehe, kaka." Kisha bajaji ikaunguruma, ikaenda zake.

Saa 5:50.

Nondo za dirisha zilimshinda. Mlinzi alishazinduka, akapiga simu. Mlango ulipofunguka, Respicius alisimama na suti yake ya kanisani, polisi wawili nyuma yake. Aliangalia kabati kwanza, mtu baadaye.

"Saa zangu kumi na mbili!"

"Feki zako kumi na mbili."

"Mimi sina feki!"

"Unazo, bosi. Nilizifungua moja moja, nikanyamaza. Orijino sita hizo, wamekuachia."

Respicius alizipapasa zile sita, akashusha pumzi. Kisha akauona mkono wa Kassiani, akakunjua kiganja. "Na hiyo. Hiyo ndiyo yenyewe. Lete."

Kassiani aliivua taratibu, akaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea vizuri. Akailaza kwenye vigae, akanyanyua jiwe la kuzuilia mlango, na kabla polisi hawajamfikia akalishusha kwa nguvu zote. Mara mbili. Kioo, mishale, magurudumu, vyote vikatawanyika.

Respicius alipiga yowe la mfiwa.

"Hili bati tu, bosi," Kassiani alisema, akanyoosha mikono ifungwe pingu huku machozi yakimtiririka.