Bendera Nyekundu ya Kompadre

Ndugu zangu, kaeni msikilize, maana mimi nikilisimulia hili hasira hunisimamisha.

Jumapili moja pale Cayambe, mji wa milimani, Zoila Quilumba alikaa uani na mdogo wake Blanca wakimenya maharagwe, jua limewaka, theluji inang'aa juu mlimani. Walikuwa wanacheka. Mara Blanca akafumba macho, akainamia magoti.

"Kichwa tena?"

"Tangu Alhamisi, dada. Ile harufu imenikaa kooni."

Harufu hiyo ilikuwa ya dawa. Dada hawa walikata waridi katika mabanda ya nailoni ya shamba moja. Sheria ilisema wazi: banda likishanyunyiziwa dawa, bendera nyekundu inatundikwa mlangoni, na mtu haingii mpaka saa zilizowekwa zipite. Lakini Februari, mwezi wa sikukuu ya wapendanao, ilikuwa inakaribia, waridi zinagombaniwa ng'ambo, na msimamizi, don Segundo, alikuwa akiishusha bendera kabla ya wakati.

Zoila alijua. Tena wenzake walikuwa wamemchagua yeye awasemee katika kamati ya usalama kazini. Utauliza, basi alingoja nini? Don Segundo alikuwa kompadre wake, baba wa ubatizo wa bintiye, naye akimwita Zoila komadre, na huko kompadre humkosoi mbele za watu. Unampelekea simbilisi wa kuchoma juu ya viazi kwa heshima, na unanyamaza.

Mkaguzi wa Wizara ya Kazi alikuja Jumanne. Na alikuwa amepiga simu siku tatu kabla, jamani! Nani humwarifu mwizi kwamba polisi wako njiani? Asubuhi hiyo bendera zilipepea kila mlango, barakoa mpya zikagawiwa, na Blanca akapelekwa kufagia ofisi asionekane.

Don Segundo alimvuta Zoila pembeni. "Komadre, usiniaibishe. Nikifukuzwa, mwanao atakuwa na baba wa ubatizo ombaomba?"

"Blanca anaumwa, kompadre."

"Mafua hayo! Baridi ya mlimani. Tia sahihi karatasi ya mkaguzi, tukale."

Mkaguzi, mama mmoja aliyekuwa na haraka, aliuliza huku akitazama saa yake, "Mama, mnasubiri muda wote kabla ya kuingia?"

"Tunasubiri," Zoila akasema, akatia sahihi.

Lo, Zoila! Ulimi ule unaowatoa jasho wauza viazi sokoni, siku hiyo uliuweka wapi?

Alhamisi Blanca alianguka katikati ya waridi, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Hospitalini daktari hakuzunguka. Alisema ni sumu.

Zoila alikwenda mbio mpaka ofisi ya mkaguzi. Mama yule akafungua jalada, akamwonyesha karatasi. "Lakini hapa ulisema mnasubiri."

"Nilidanganya!" Zoila alikuwa analia. "Na wewe ulitupigia simu ili tupate nafasi ya kudanganya vizuri. Njoo leo. Usimwambie mtu."

Mkaguzi aliona haya. Walikwenda pamoja saa ileile. Bendera ilikuwa imekunjwa chini ya benchi, majani bado yanachuruzika dawa, na wanawake kumi na wawili wako ndani. Banda likafungwa papo hapo.

"Komadre, umeniua," don Segundo akasema.

"Kompadre wangu ni wa kanisani," Zoila akamjibu. "Humu bandani ulikuwa msimamizi wa mdogo wangu."

Blanca alipona, lakini mikono yake haikupona. Mpaka leo Zoila humshikia kikombe anywe, na hakuna siku Blanca amemlaumu. Hilo ndilo linalomuumiza zaidi.

MAFUNZO

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Heshima ya ujamaa ni njema, lakini isikufanye umfichie mtu kosa linaloua wenzako. Ukiulizwa na mkaguzi, sema kweli siku hiyohiyo, usingoje mtu aanguke. Nanyi wakaguzi, anayetangaza ziara yake amekwenda kutembea, hakwenda kukagua. Sheria haina macho wala mdomo, inategemea yenu.